Mlango wa Gari Uliomtajirisha Kapuku

Katika vichekesho vya enzi ya sinema bubu, mapenzi huvurugika kwa barua iliyofika mikononi mwa asiyeandikiwa, au kwa mume aliyechungulia akaona nusu ya kisa. Hayo huonekana kwa macho. City Lights ya Charlie Chaplin, iliyozinduliwa Los Angeles tarehe 30 Januari 1931, ilijitwisha mzigo mzito zaidi: muuza maua kipofu amdhanie kapuku kuwa tajiri. Kipofu hupotoshwa na anachokisikia, na filamu yenyewe haisemi neno.

Jawabu likawa mlango. Barabara imejaa magari. Kapuku, akimkwepa polisi wa pikipiki, anaingia katika gari la kifahari lililosimama, anapitiliza hadi upande wa pili na kuubamiza mlango nyuma yake. Msichana anasikia, anamnyooshea ua. Ua linaanguka, kapuku analiokota, lakini mkono wa msichana bado unapapasa chini. Hapo ndipo anapong'amua kuwa haoni. Anatoa sarafu. Kabla ya chenji kurudi, mwenye gari anafika, anaingia, mlango unabamizwa tena, gari linaondoka. Msichana anaamini mteja wake ameshakwenda zake. Kapuku hasahihishi kitu. Ananyata kando, na malipo ya ustaarabu huo ni kumwagiwa usoni maji ya kusuuzia chombo cha maua.

Mwishoni, akiwa ameponywa macho, msichana anamtambua kapuku kuwa mfadhili wake kwa kumgusa mkono. Je, mapenzi yanasalia baada ya kosa kusahihishwa? Filamu haijibu.

Upigaji wa picha ulianza mwishoni mwa 1928, filamu za sauti zikiwa zimeshashika kasi Marekani. Chaplin alikataa mazungumzo, akakubali muziki na milio michache tu. Katika kitabu cha maisha yake cha 1964 anaeleza kuwa kumfanya mrembo avutiwe na mzururaji kulimtatiza kimantiki katika filamu zake zote. Virginia Cherrill, mwigizaji wa kipofu huyo, alielekezwa na Chaplin atazame ndani ya nafsi yake, asimwone yeye Chaplin. Chaplin anakumbuka kipande cha sekunde 70 kilichokula siku tano, na anasema lawama si za binti. Kwa sehemu ni zake mwenyewe, kwa kuwa kiu ya ukamilifu ilikuwa imegeuka maradhi. Maneno ya kiungwana, ila katikati ya kazi alimfukuza binti huyo huyo, akamjaribu Georgia Hale katika onyesho la mwisho, kisha akamrudisha Cherrill. Naye alidai mshahara maradufu, akalipwa.