Shule Ikimkataa Mwanao Mwenye Ulemavu, Usirudi Nyumbani Kimya

Mzazi humpeleka mtoto asiyesikia vizuri, au mzito wa kujifunza, shule ya jirani akaambiwa, "Hapa hatuna mwalimu wake." Wengi hukubali, na mtoto akabaki nyumbani. Lakini jibu la mdomo la mwalimu mkuu si hukumu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto kwa ulemavu wakati wa kumsajili. Katiba nayo, kifungu cha 54, inampa haki ya kusoma pamoja na wenziwe kwa kadiri inavyomfaa yeye. Swali basi ni moja: nani aamuaye kinachomfaa?

Hapo ndipo panapohitajika tathmini. Mpeleke mtoto kituo cha tathmini, maarufu kama EARC. Vituo hivi vilianza 1984. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilichoko karibu. Ripoti yao husema mtoto ana shida gani na asome wapi. Ikipendekeza shule maalum, waulize sababu kabla ya kuamua. Ikisema shule ya kawaida yamfaa, tayari unayo hoja.

Kisha mwandikie mwalimu mkuu barua, uambatishe nakala ya ripoti. Taja unachotaka waziwazi: akae mbele, apewe maandishi makubwa, aongezewe muda wa kumaliza kazi. Akikataa, mwombe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo. Weka kopi na tarehe. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Usiende kwa shari. Huenda mwalimu ana darasa limefurika na hana msaidizi. Barua yako humpa naye ushahidi wa kudai mwalimu au vifaa.

Msipoelewana, panda ngazi kwa utaratibu: bodi ya usimamizi ya shule, mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Usiporidhika na uamuzi wa Bodi, sheria hiyo ya 2013 inakuruhusu kukata rufaa kwa Jopo la Rufaa za Elimu.

Safari hii yaweza kuchukua muda, na mtoto hasubiri kukua. Kwa hivyo anza na tathmini sasa, kabla muhula haujafunguliwa.