Gari la Umeme Halijaribiwi Kama la Petroli

Muuzaji wa gari la umeme hana haja ya maneno mengi. Anakukabidhi gari, anakuonyesha barabara iliyonyooka, kisha anatulia kiti cha pembeni. Ukikanyaga mara ya kwanza, gari linajiuza lenyewe. Ndiyo maana wateja wengi hurudi yadi wakiwa wamekwisha kata shauri, na maswali waliyokuja nayo yamebaki njiani.

Mfano wangu hapa ni BYD Atto 3, gari la Kichina ambalo nimeliendesha Nairobi na ambalo linauzwa likiwa jipya Kenya na Rwanda. Vipimo vyake vinajulikana: betri ya uniti 60, yaani kilowati-saa zilezile tunazonunua kwa tokeni, mota ya kilowati 150, uzito wa kilo 1,750. Ndani kuna vikorombwezo vya kila aina. Mifuko ya milangoni imezuiwa kwa nyuzi tatu ambazo ukizicharaza kila mmoja hutoa sauti yake, na sijaona mtu aliyeketi humo akaacha kuzigusa. Hivyo ndivyo magari haya yalivyo kwa jumla. Yanayokupendeza dakika za mwanzo ni ya kweli, lakini hayo siyo yatakayokupa taabu ukishalinunua. Yatakayokupa taabu hayajitokezi, mpaka uyatafute.

Tuanze na mvuto wenyewe, maana una sababu zake. Injini ya petroli hupata nguvu ikishapandisha mizunguko, na katikati gia lazima zibadilike. Mota ya umeme hutoa msokoto wake wote tangu tairi likiwa limesimama, na haina gia za kubadilisha. Atto 3 hutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde 7.3, mwendo ambao zamani uliutafuta kwenye gari la michezo. Mwinuko wa Waiyaki Way, ambako gari dogo la petroli hulazimika kushuka gia na kunguruma, hapa huuhisi.

Nairobi inauongezea mvuto huo. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo huvuta hewa hiyo, nayo nguvu hupungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Mota haivuti hewa, kwa hiyo haipotezi chochote. Tena hewa nyepesi hulikinza gari kwa nguvu ndogo zaidi likiwa mbio, na chaji inafika mbali zaidi. Mtu wa Limuru au Eldoret akiniambia gari la umeme lina nguvu kuliko namba za kwenye karatasi, namwelewa: analipima dhidi ya injini aliyozoea kuiona ikihema.

Sasa tuzime redio. Kwa kuwa injini haipo, kila sauti nyingine inasikika: tairi kwenye lami mbovu, upepo kwenye vioo, plastiki inayogongana chini ya dashibodi. Katika gari la petroli vitu hivyo hufichwa na mngurumo. Katika jaribio, ukimya huo utumie kama kifaa cha uchunguzi. Pita barabara yenye changarawe na usikilize. Likienda polepole utasikia pia mlio wa kutengenezwa ukitoka nje. Umewekwa ili mtembea kwa miguu ajue kuna gari linakuja. Hata hivyo, kwenye mitaa yenye kelele kama River Road usiutegemee. Mvuka barabara wetu huamua kwa sikio kabla ya jicho, na honi yako itafanya kazi zaidi kuliko ulivyozoea.

Uzito nao unataka barabara yake. Gari kama Toyota Fielder lina kilo 1,100 na ushee. Hili linazidi kwa zaidi ya kilo 500, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ni betri iliyolazwa chini ya sakafu. Kwenye kona uzito huo ni neema, kwa kuwa uko chini na gari halilali upande. Kwenye matuta ni habari nyingine. Livushe tuta la kweli, la mtaani kwenu, likiwa na watu wanne ndani, si lile la rangi nyeupe lililo mbele ya yadi. Nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi ni milimita 175, na kilichoko tumboni ndicho kitu ghali kuliko vyote garini. Baada ya jaribio inama uangalie kwa chini, uone kama pana ngao na imefungwaje.

Breki zinahitaji umakini wa aina yake. Ukiachia kanyagio la mwendo, mota hugeuka jenereta: gari linapunguza mwendo na umeme unarudi kwenye betri. Mwanzoni wengi huhisi kama kuna mtu ameshika gari kwa nyuma, lakini haipiti muda mguu unazoea. Atto 3 ina viwango viwili vya ukinzani huo, kimoja chepesi na kingine kizito zaidi. Jaribu vyote viwili kwenye foleni, kisha kanyaga breki taratibu likikaribia kusimama. Hapo ndipo kazi inapotoka kwa mota kwenda kwa pedi za breki, na gari lililosanifiwa vibaya hustuka kidogo pale pale.

Faida ya umeme huo unaorudi ni kubwa kwa mtu wa milimani, na inahesabika. Gari hili pamoja na watu wawili ni kama kilo 1,900. Ukiteremka nalo mita 500, mathalani kwenye eskapmenti kuelekea Mai Mahiu, mvutano wa ardhi unakupa takriban uniti 2.6. Ikirudi betrini nusu yake tu, umepata kilomita nane au tisa za bure. Lakini angalia: betri iliyojaa haina pa kuweka umeme. Anayeishi juu Limuru, akichaji usiku hadi asilimia 100 kisha akaanza safari kwa kuteremka, atakuta ule ukinzani wa mota haupo au ni hafifu, na breki za kawaida zitabeba mzigo wote. Mtu huyo afadhali asimamishe chaji kwenye 90. Na wa Pwani naye ana jambo lake: pedi zisipofanya kazi mara kwa mara, diski hushika kutu kwa ile hewa ya chumvi. Kila baada ya siku kadhaa, piga breki kwa nguvu mahali salama.

Tukija kwenye kioo cha dashibodi, kuna namba moja kubwa ambayo kila mtu huitazama kwanza: kilomita zilizobaki. Kwa Atto 3, kipimo rasmi cha Ulaya ni kilomita 420. Namba hiyo hupatikana katika maabara, kwa mwendo wa wastani na bila kilima. Ile iliyo kwenye dashibodi nayo ni makisio, kwa kawaida yakifuata namna gari lilivyoendeshwa karibuni. Likiwa limezungushwa polepole na wateja wa yadi siku nzima, litakuahidi makubwa. Usiibishanie. Sifurisha kipimo cha safari, endesha kipande cha mjini, kisha kipande cha mwendo mrefu, na kila mara soma uniti ngapi zimetumika kwa kilomita 100. Hiyo ndiyo namba ya kuondoka nayo.

Utaona kinyume cha mazoea. Mjini kwenye foleni, gari la kimo hiki hutumia kama uniti 13 hadi 15, kwa sababu likisimama mota haili kitu na kiyoyozi huchukua kama uniti moja kwa saa. Barabara kuu ndiyo inayokula. Ukinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, unakaribia kuwa maradufu. Hesabu safari ya Mombasa. Ni kilomita 480 hivi. Kwa uniti 17 kila kilomita 100, utahitaji 82. Ukirudi Nairobi, ongeza karibu uniti 9 za kuinua kilo 1,900 mita 1,700. Betri ni ya 60. Basi lazima usimame uchaji, ukishuka na ukipanda, na swali la kumuuliza muuzaji si kilomita ngapi bali ni kituo gani, kati ya Emali na Voi, kinafanya kazi leo.

Chaji ya haraka nayo ina tabia zake. Gari hili hupokea hadi karibu kilowati 80, na kutoka asilimia 30 hadi 80 ni nusu saa hivi kwenye mashine yenye nguvu ya kutosha. Baada ya hapo kasi inaanguka, kama mtu anayejaza chai kwenye thamosi: mwanzo anamimina, karibu na mdomo anadondoshea. Safarini, ondoka kwenye 80. Angalia pia tundu lenyewe. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China huja na tundu la Kichina, mengine huja na la Ulaya, na Nissan Leaf nyingi za mtumba zina la Kijapani. Tundu lisilolingana na mashine za nchi yako ni sawa na kuwa na laini isiyo na mtandao.

Kuhusu betri, uliza aina yake. Ya Atto 3 ni ya chuma na fosfeti. Haina kobalti, madini ambayo sehemu kubwa ya dunia huyapata Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi; huvumilia joto vizuri, na haidhuriki sana kwa kujazwa hadi 100. Ila volteji yake hubadilika kidogo mno kati ya kujaa na kuisha, hivyo kompyuta ya gari hupata shida kukisia kiasi kilichobaki. Kuijaza kabisa mara kwa mara, wengi husema kila wiki, huisaidia kusahihisha hesabu. Uliza vilevile dhamana. Watengenezaji wengi hutoa miaka 8 kwa betri, wakiahidi isishuke chini ya asilimia 70. Lakini gari lililoagizwa na mtu binafsi huenda lisifuatwe na dhamana hiyo, kwa hiyo itake kwa maandishi, ikiwa na jina la anayewajibika nchini.

Anayetazama mtumba ana kazi ya ziada. Nissan Leaf za mwanzo, zilizoingia sokoni mwishoni mwa 2010 zikiwa na betri ya uniti 24, hazina kipoza maji cha betri, na joto limezila nyingi. Pembeni mwa dashibodi kuna vijisanduku 12 vya afya ya betri. Kikizimika kimoja tu, betri imekwisha poteza kama asilimia 15. Vinavyofuata ni takriban sita kila kimoja. Wapo wajanja wanaoifuta kumbukumbu ya kompyuta ili vijisanduku viwake vyote kwa muda. Nenda na fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, alinganishe namba kabla hujalipa.

Mwisho ni jambo ambalo kwa wengi ndilo litakaloamua, na halimo kabisa ndani ya gari. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa kama kilowati 2.3. Ukichaji usiku kwa muda wa saa kumi utapata, baada ya kupotea kidogo, uniti 20 au 21, sawa na kilomita 130 za mjini. Zinatosha kwenda kazini na kurudi, tena zinasalia. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari na pikipiki: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya tozo na kodi. Kwa shilingi 16, kilomita 100 za mjini ni kama shilingi 240, fedha isiyonunua lita mbili za petroli Nairobi. Bei hiyo ina mita yake, tofauti na ya nyumba.

Lakini soketi iko wapi? Mwenye nyumba yake ataita fundi, avute waya mnene wenye swichi yake ya usalama, na yamekwisha. Mpangaji wa ghorofa ya nne hana mamlaka hayo. Maegesho ni ya wote, mita ya korido ni ya landilodi, na keateka akiona waya unaning'inia kutoka dirishani atauchomoa kabla hujafika ngazini. Kwa hiyo usilizungushe gari karibu na yadi ukaridhika. Omba ulipeleke unapolala, uliegeshe mahali pako, uchomeke, uguse plagi baada ya nusu saa uone kama imepata moto. Zungumza na landilodi siku hiyohiyo, si baada ya kulipa amana.

Mwenye soketi ya uhakika na safari za mjini, gari hili litamfaa, na atalifurahia zaidi kuliko petroli. Anayetegemea vituo vya nje pekee, na ambaye kila mwezi ana safari ya Pwani, kwa sasa anunue haibridi.