Nebula ya Taa: nyota iliyobadilika tukiitazama

Mwishoni mwa Julai, kwenye saa nne usiku, mtu wa Machochwe, mkoani Mara, akielekea kusini ataliona kundinyota la Nge juu kabisa, mkia umejikunja. Chini ya mkia huo kuna kundinyota la Madhabahu, na humo ndimo ilimo Nebula ya Taa, iliyopewa jina la samaki bapa mwenye mwiba wa sumu. Hapa Mara hupanda nyuzi 32 hivi kutoka upeo wa macho, wakati London haichomozi kamwe. Kwa macho matupu lakini haionekani.

Ni nebula ya sayari, ingawa haina uhusiano wowote na sayari. Nyota ya kiasi cha Jua ikikaribia mwisho wake huvimba ikawa jitu jekundu, kisha hutupa tabaka zake za nje angani. Hubaki kiini kidogo chenye joto kali, na mionzi yake ya urujuanimno huifanya ile gesi ing'ae. Kwa kawaida mambo haya huchukua maelfu ya miaka, kwa hiyo wanaastronomia huyakokotoa tu, hawayashuhudii.

Nebula hii imewaharibia hesabu. Mmarekani Karl Henize, aliyepiga picha za anga la kusini akiwa Bloemfontein, Afrika Kusini, aliiingiza kwenye orodha yake. Mwaka 1971 mwanga wake ulikuwa wa nyota moto tu. Kufikia miaka ya 1990 Mhindi M. Parthasarathy na wenzake walikuta dalili zote za nebula. Darubini ya anga ya Hubble ikaipiga picha mwaka 1996: nyuzi za gesi za buluu zinazowaka, kingo zikipinda kama mawimbi. Ikawa nebula ya sayari changa kuliko zote zilizojulikana.

Picha ya 2016 ilionyesha kitu kilichochakaa. Mwanga wa oksijeni ulikuwa umepungua karibu mara 900, kama walivyotangaza Martín Guerrero, Bruce Balick na wenzao mwaka 2020. Nicole Reindl wa Ujerumani alikuwa ameonyesha sababu: nyota ya katikati ilipanda hadi nyuzijoto 60,000 hivi mwaka 2002, kisha ikaanza kupoa. Inaelekea heliamu iliyozunguka kiini ililipuka ghafla, nyota ikapata joto la muda, halafu ikakosa nguvu ya kuiwasha gesi yake.

Kwa maoni yangu, shujaa wa kisa hiki si Hubble. Ni zile kumbukumbu za zamani; bila hizo nani angejua kwamba kuna kilichobadilika? Na kumbukumbu haihitaji darubini. Walimu wa sayansi wa Machochwe, anzeni na Antares, nyota nyekundu iliyo kifuani mwa Nge, ambayo mng'ao wake hupanda na kushuka polepole. Wapeni wanafunzi daftari waandike tarehe, saa, na kama inazizidi nyota za jirani kwa mng'ao au inazidiwa nazo.