NANI ALIJENGA KILWA?



Kwetu Katanga, tukisikia jina Kilwa, tunawaza mbio ule mji wa pa Ziwa Mweru, upande wa Pweto, fasi samaki wanatoka kuja ku masoko ya Lubumbashi. Lakini kuko Kilwa ingine, mbali sana, ku Bahari ya Hindi, katika inchi ya Tanzania. Inaitwa Kilwa Kisiwani. Pale mtu anakuta kuta za mawe zenye miaka mia sita, mia saba, na zingine kupita. Na juu ya kuta zile watu wamebishana wakati mrefu: ni nani alizijenga?

Sisi pia tulibishana. Wamoja walisema: ni Waarabu. Wengine: hapana, ni watu wa Persia. Wengine tena: ni wazee wetu weusi peke yao, hakuna mgeni aliyetia mkono. Tumeona inafaa kueleza maneno haya pole pole, sababu jibu la kweli halifanani sawasawa na hata moja la majibu yale matatu.

1. Mgeni akifika, anaona nini?

Tuchukue kama tuko safarini. Toka Dar es Salaam mtu anashuka kusini kilometa karibu 300 mpaka Kilwa Masoko. Pale anapanda mashua na kuvuka. Si mbali, kisiwa kinaonekana kwa macho.

Kitu cha kwanza ni ngome pembeni ya maji, wenyeji wanaiita Gereza. Wareno wa Francisco de Almeida waliteka mji katika mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaiacha katika 1512. Ile tunayoona leo ilijengwa tena nyuma sana, wakati wa Waarabu wa Omani. Basi muone: hata nyumba moja inaweza kuwa na wajenzi wawili.

Mbele kidogo kuko Msikiti Mkuu. Sehemu ya zamani ilianza katika karne ya 11 au ya 12. Kisha wakaongeza sehemu kubwa yenye nguzo na kuba nyingi. Mbali kidogo, juu ya mawe yanayotazama bahari, kuko Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzo wa karne ya 14. Vyumba vyake vinapita 100, na kuko birika la kuogea lenye pande nane. Tangu 1981 Kilwa Kisiwani na jirani yake Songo Mnara wameandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Mali ya kujenga vile ilitoka wapi? Ilitoka ku biashara, zaidi zahabu iliyopita Sofala, kusini. Kilwa ilikuwa na franga zake za mukuba, zenye majina ya masultani.

2. Hadithi ya vitambaa

Katika karne ya 16 watu wa Kilwa waliandika tarehe ya mji wao kwa Kiarabu, na Wareno nao waliandika habari ile kwa luga yao. Inasema kwamba mkubwa mmoja wa Shirazi, ku Persia, alifika na merikebu, akanunua kisiwa kwa vitambaa. Vitambaa vile vilitosha kuzunguka kisiwa chote.

Wengi walisoma habari ile na kusema: basi, maneno imekwisha, wajenzi ni watu wa Persia. Lakini soma tena vizuri. Mtu akinunua shamba, ni lazima kuko mwenye kuuza! Tarehe yenyewe inashuhudia kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe mbele ya mgeni kufika.

Kuko shahidi mwingine, Ibn Battuta, msafiri wa Moroko. Alifika Kilwa katika 1331, wakati wa yule Sultani al-Hasan. Aliandika kwamba ni mji mzuri kati ya miji mizuri, na kwamba wakaaji wake wengi ni watu weusi sana. Aliona kwa macho, hakusikia ku wengine.

3. Mawe yanasema

Maandiko yanaweza kusifu au kuficha. Mawe hayana sababu ya kusema bongo. Tuulize: vifaa vya ujenzi vilitoka wapi?

Kuta za Kilwa ni za mawe ya matumbawe, ndiyo yale mawe yanayozaliwa na vidudu vya bahari. Kwa kuchora mapambo ya mlango, walitoa matumbawe ndani ya maji yakiwa bado laini, wakayachonga mbele hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa ilitoka ku matumbawe vilevile: walipanga lundo la miti, wakaweka mawe juu, wakachoma. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, miti inayoota ku matope ya bahari. Boriti zile si ndefu sana, kwa hiyo vyumba vingi ni vyembamba, karibu metre mbili na nusu.

Namna ya msikiti na ya birika inaonyesha kwamba watu wa Kilwa walijua majumba ya inchi za ngambo. Lakini mtu aliyefika jana na merikebu hajui jiwe gani ni laini wala mti gani hauliwi na wadudu. Kazi hii ilitaka watu waliozaliwa pwani na kufundishana baba kwa mtoto.

4. Chini ya ukuta kuko nini?

Hii ndiyo kazi ya wachimbaji wa historia. Wanashuka ndani ya bulongo tabaka kwa tabaka, sawa mtu anayefungua kurasa za kitabu toka mwisho kuelekea mwanzo. Katika miaka ya 1960 Mwingereza Neville Chittick alichimba Kilwa. Yeye alihesabu wageni kuwa na sehemu kubwa katika mambo ya pwani. Lakini chini kabisa, mbele ya nyumba za mawe, kulikuwa nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, na alama za kazi ya chuma. Watu walikaa pale zaidi ya miaka 1000 iliyopita.

Ku Shanga, kisiwani Pate inchi ya Kenya, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, na ule wa kwanza ulikuwa mdogo, wa miti, wa karne ya 8. Mji wa mawe haukushuka toka merikebu siku moja. Ulikomaa fasi yake, toka mti mpaka jiwe.

Na luga je? Kiswahili kiko na maneno mingi ya Kiarabu, kweli. Lakini mifupa yake ni ya Kibantu. Mtu wa pwani anasema «mtu» na «ng'ombe». Mubemba wa kwetu anasema «umuntu» na «ing'ombe». Hakuna haja ya mfasiri.

5. Mifupa nayo imesema

Katika mwaka 2023 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80, wengi wao wa miji ya zamani ya pwani, Kilwa ikiwa ndani. Walitazama ADN, ni kusema ile alama ya uzazi ambayo kila mtu anapokea ku baba na mama. Walikuta nini? Kwa wengi, nusu ya ukoo na zaidi ni ya Afrika, nayo ilipita zaidi ku wanawake. Sehemu ingine ni ya Asia, zaidi ya Persia, nayo ilipita zaidi ku wanaume. Kuchanganyika kule kulianza karibu mwaka 1000.

Basi wale waliosema «hakuna mgeni» wameshindwa. Wale waliosema «ni wageni» wameshindwa vilevile. Wageni walifika, wakaoa, wakazaa, na watoto wao wakaongea luga ya mama. Waliojenga Kilwa ni Waswahili, watu wa fasi ile. Babu mmoja kutoka ngambo hamugeuzi mtu kuwa mgeni kwao.

6. Kwa nini tunabishana sana?

Mtu atasema: kuta ni kuta, iko faida gani kujua? Tutazame Zimbabwe Kubwa, kusini yetu. Pale kuko ukuta wa mviringo, mawe bila chokaa, urefu wa kwenda juu karibu metre 11. Mjerumani Karl Mauch alifika katika 1871, akasema ni kazi ya malkia wa Sheba. Wengine wakatafuta ndani ya Biblia jina Ofiri, inchi ya zahabu, wakalibandika pale. Biblia haisemi neno lile hata kidogo!

Katika 1905 David Randall-MacIver alichimba, na katika 1929 Gertrude Caton-Thompson. Wote wawili walisema wajenzi ni Waafrika wa inchi ile. Lakini serikali ya Wazungu wachache wa Rhodesia haikutaka neno hili lisemwe wazi. Mchimbaji Peter Garlake, aliyekatala kunyamaza, aliacha kazi yake na kutoka inchini katika 1970. Sababu inaonekana: kama wazee wa inchi walijua kujenga na kutawala, nani atakubali kwamba watoto wao hawawezi kujitawala? Katika 1980 inchi ilipata uhuru na kuchukua jina la mawe yale. Na ndani ya magofu yake ilikutwa franga moja ya yule Sultani al-Hasan wa Kilwa. Walijuana!

Kwa hiyo, mtu akitupa habari ya kale, tuulize maneno matatu. Vifaa vilitoka wapi? Chini yake kuko nini? Na nani anapata faida tukiamini? Ulizo hili la tatu ni la kujiuliza sisi pia, sababu kiburi kinaweza kudanganya sawa vile zarau.

7. Na sisi wa Katanga?

Wazee wetu hawakuacha majumba ya mawe. Lakini ku Sanga, pembeni ya Ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi katika 1957 na 1958, na Pierre de Maret akarudi katika 1974. Walikuta vyungu vizuri sana, vyuma, mapambo ya mukuba, na misalaba ya mukuba iliyotumika sawa franga. Makaburi yale yalianza karibu karne ya 8, wakati ule wa msikiti wa miti wa Shanga. Fasi ya Kisale hakuna mukuba; ulitoka kusini, upande wetu. Na kati ya vitu vya marehemu kulikuwa simbi, maganda ya Bahari ya Hindi. Vitu vilisafiri toka mkono kwa mkono, mbele ya Mzungu yeyote kufika.

Hapa Annexe kila siku watu wanachimba vichuguu kwa kufanya matofali. Kwa bulongo ya kichuguu hiyohiyo wazee walijenga tanuru za kuyeyusha mukuba. Basi, mwenzetu, jembe lako likigonga kipande cha chungu, mavi ya chuma au msalaba wa mukuba, usivunje, usiuze ku njia. Andika fasi ulikikuta na ulishuka metre ngapi, kisha uonyeshe mwalimu, naye atajua kukifikisha ku muze ya Lubumbashi. Kitu kilichotolewa bila kuandika fasi yake ni shahidi aliyekatwa ulimi.

Mwenye ulizo au mwenye kubisha, alete karatasi yake. Tutafurahi kuisoma.