Uzamili wa Mawasiliano Johannesburg: Uliza Haya Kabla ya Kufunga Mizigo

Naishi Kensington, mashariki ya katikati ya jiji la Johannesburg, na nasomea uzamili wa mawasiliano ya umma. Vijana wa nyumbani na wazazi wao huniuliza maswali yaleyale, basi leo nayajibu kwa pamoja.

Kwanza, hesabuni miaka. Hapa shahada ya kwanza kwa kawaida ni miaka mitatu, nayo ni ngazi ya 7. Hufuata mwaka mmoja wa shahada iitwayo Honours, ngazi ya 8, ndipo uzamili, ngazi ya 9. Ukija na shahada ya miaka mitatu ya Dar es Salaam, chuo kinaweza kukutaka upitie mwaka huo wa kati. Mimi niliupitia, na mke wangu ndiye aliyelipa kodi ya nyumba mwaka mzima. Pelekeni vyeti SAQA vitathminiwe, na muulize chuo, kabla ya kuuza kiwanja.

Pili, karo. Itifaki ya elimu ya SADC ya mwaka 1997 ilikubaliana kwamba wanafunzi wa nchi wanachama wahesabiwe kama wenyeji katika karo na malazi. Tanzania na Kongo zimo. Kenya na Uganda hazimo. Hata aliye mwanachama aombe mchanganuo wa ada zote kwa maandishi. Viza ya masomo nayo inadai bima ya afya ya mfuko uliosajiliwa hapa, na kibarua kisizidi saa 20 kwa wiki.

Tatu, utafiti. Nachunguza jinsi familia za Waswahili wa hapa zinavyopata habari za nyumbani kwa WhatsApp. Humhoji mtu kabla kamati ya maadili haijakubali, na kila anayehojiwa hutoa ridhaa. Nilitafsiri fomu kwa Kiswahili, lakini mzee mmoja aliisukuma kando: kwake, karatasi ya kusaini ni mambo ya vibali. Nikaiomba kamati iruhusu ridhaa ya mdomo, isiyotaja jina. Iliporuhusu, mzee alizungumza saa mbili.

Mwenye Kiswahili anafunguliwa milango ambayo wenzake darasani hawaijui. Ila barua yako ya kwanza kwa chuo ianze na swali hili: shahada yangu mnaihesabu ngazi gani?