Kifua Kipana Kina Moyo Ndani Yake

Akina mama wenzetu, hapa Irente kijana akipandisha gunia la viazi kutoka bondeni hadi barabarani bila kutua, sote humsifu: "Huyo ana nguvu kweli!" Tunamwongezea ugali, na kesho yake tunamwongezea mzigo. Ni mara chache tunamwuliza, "Mwanangu, moyo unaendaje?" Kwa hiyo leo tunawaletea habari za mtu ambaye nguvu zilikuwa ndiyo kazi yake.

Anaitwa Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Zimbabwe, mwaka 1985. Tangu utoto alikuwa na mwili mkubwa, akapewa jina la "Beast", yaani mnyama. Alicheza raga, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, akahamia Durban, Afrika Kusini, kuichezea timu ya Sharks. Huko akabadilishiwa nafasi, akawa propu.

Propu ni mchezaji wa mstari wa mbele. Watu wanane wa kila upande huinama, hushikana na kusukumana na wenzao wanane. Hiyo huitwa skramu. Kishindo chote hupitia shingoni, mabegani na mgongoni mwa propu. Watazamaji humshangilia anayekimbia na mpira, lakini aliyebeba uzito hawamwoni. Sisi akina mama tunaijua kazi ya namna hiyo!

Mtawarira aliingia timu ya taifa ya Afrika Kusini mwaka 2008. Kwa mwili ule wa zaidi ya kilo 110, nani angemdhania mgonjwa? Lakini moyo wake ulikuwa ukienda mbio ghafla, mpaka akalazimika kukaa nje ya uwanja. Mwaka 2012 madaktari walimfanyia matibabu ya moyo. Akapumzika, kisha akarudi mchezoni. Tarehe 2 Novemba 2019, huko Yokohama, Japani, Afrika Kusini iliishinda Uingereza 32 kwa 12 na kutwaa Kombe la Dunia, naye alikuwamo uwanjani tangu mwanzo. Aliiaga timu ya taifa akiwa ameichezea mechi 117.

Angalieni, akina mama: miaka saba ilipita kati ya matibabu yale na kombe lile. Kukubali kutibiwa hakukumaliza kazi yake.

Sisi wauguzi tunawaomba msizipuuze dalili hizi kwa kijana, awe anacheza mpira au anabeba mizigo: kuzimia akiwa anakimbia, maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, au kuhema kuliko wenzake. Msiseme ni uvivu, wala msiseme amerogwa. Kama katika ukoo kuna kijana aliyekufa ghafla, mwelezeni mganga hospitalini. Tena, mtoto mwenye maumivu ya koo na homa apelekwe kupimwa, na akipewa dawa amalize dozi, kwa maana koo lisilotibiwa huweza kuharibu moyo baadaye.

Anzeni katika kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, mtapewa rufaa. Tangu mwaka 2015 nchi yetu ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, Dar es Salaam.

Basi jioni hii, kijana akitua gunia, mpe maji, mkalishe, umwulize anavyojisikia. Kisha msikilize mpaka amalize.