Vijana Wanaoiba Mashambani: Asili ya Kosa na Namna ya Kulizuia

Huku Mamba, katika milima ya Upare wa kusini, wazee wana lalamiko moja siku hizi: tangawizi yachimbwa usiku. Mwenye shamba huamka akakuta matuta yamefukuliwa, na nyayo zilizo udongoni ni nyayo ndogo. Basi husemwa, "Vijana wameharibika," na maneno hukoma hapo. Walakini kusema hivyo si kueleza sababu. Ni kama tabibu amwambiaye mgonjwa kwamba yu mgonjwa, kisha akamwacha aende zake.

Tutazame kwanza majira. Mtoto wa darasa la saba hufanya mtihani wake wa mwisho mwezi wa Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika muda huo hana mwalimu wa kumwita jina asubuhi. Aliyefaulu angojea, na asiyefaulu haijui kesho yake. Baba huenda yuko Dar es Salaam au Moshi akitafuta riziki, mama yu shambani tangu alfajiri, na bibi hana tena miguu ya kumfuata kijana mlimani. Ndipo kijana huitwa na watu wazima abebe magunia ya tangawizi mpaka barabarani, akapewa fedha mkononi. Siilaumu kazi, sisi sote tulibeba mizigo tulipokuwa wadogo. Lakini fedha ile haina mtu wa kuiuliza imetoka wapi wala imekwenda wapi. Aliyezoea kuwa na fedha yake siku yenye mzigo hujiona maskini siku isiyo na mzigo, na tangawizi ya jirani yachimbika kwa jembe lile lile.

Wengine huvutwa na mirungi, ambayo yapandwa pande fulani za wilaya yetu ya Same ingawa sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 2015 yaikataza. Huko nako kijana huwa mchukuzi tu, na faida huchukuliwa na mtu mzima.

Hapa nataka kukaa kidogo. Mtoto hali gunia la tangawizi. Akiiba, yuko aliyenunua, tena aliyenunua usiku au kwa bei ya chini, naye alijua maana ya bei ile. Sheria ya adhabu humhesabu apokeaye mali ya wizi, hali akijua, kuwa ni mkosaji pia. Hata hivyo, nilikuwapo siku moja alipoletwa barazani kijana wa miaka 13, amefungwa mikono kwa kamba ya katani, watu wakitaka apigwe, na kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza mali iko wapi. Hatimaye mzee mmoja akasema, "Mfungueni kwanza. Mjukuu wangu, ulimwuzia nani?" Kijana akamtaja. Mnunuzi huyo alikuwa mtu mwenye heshima kijijini, naye aliilipa mali ya mwenyewe kabla ya jua kutua, bila kuambiwa mara ya pili. Kijana akakabidhiwa kwa mjomba wake, akatumwa kusaidia kuzoa tope la ndiva siku za Jumapili, maana wengi wa huku hushika Sabato. Mwenye shamba aliridhika. Kama angalipigwa na kuachwa, mnunuzi angalitafuta kijana mwingine.

Wapare wa zamani walikuwa na njia yao. Mvulana aliingizwa katika msitu wa jando, uitwao mshitu, akafundishwa na wazee mwenendo wa mtu mzima. Ukali wa mafunzo yale sitaki urudi, na wamisheni, waliofika Giti mwaka 1903, walileta mafunzo mengine. Lakini angalia: kijana alipotoka mshitu alijua ni nani wamtazamao, na kazi ilimngoja. Msaragambo ulipoitwa kusafisha mfereji au kuziba ndiva, alikwenda pamoja na wakubwa, akajulikana kwa kazi yake. Uchifu nao uliondolewa mwaka 1963, na kazi ya mfumwa ya kuwaonya vijana imegawanyika kati ya mwenyekiti, mtendaji, mwalimu na kanisa. Kila mmoja hudhani kwamba mwenziwe amekwisha kusema na yule mtoto.

Yafaa pia tuijue sheria, maana wengi huitisha watu kwa jina la polisi bila kuielewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta ile ya mwaka 1937 ya wakati wa Waingereza. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Aliye chini ya miaka 10 hawezi kushitakiwa kwa kosa la jinai. Na aliye chini ya miaka 12 hahukumiwi ila ithibitike kwamba alijua atendalo ni baya. Mtoto hafungwi gerezani. Akishitakiwa hupelekwa Mahakama ya Watoto, na afisa wa ustawi wa jamii huchunguza hali ya nyumbani kwao. Mahabusu ya watoto ya mkoa wetu iko Moshi, na Shule ya Maadilisho ya Irambo iko Mbeya, mbali mno na macho ya mama. Kumpiga mtoto kwa umati, hata kama ameiba kweli, ni kosa la wale wapigao.

Kwa hiyo kosa la kwanza, likiwa dogo, lamalizika vyema karibu na nyumbani: mali irudishwe, mnunuzi atajwe, kijana apewe mtu mmoja wa kumjibu. Kosa zito, au la kuumiza mtu, lisifichwe kwa undugu. Lipelekwe kwa afisa wa ustawi wa jamii na polisi.

Tena tusingoje kosa. Mtihani ukiisha mwezi wa Septemba, mwalimu mkuu anayo majina yote ya watoto waliomaliza. Nakala ya majina hayo na ifike kwa mwenyekiti wa kila kitongoji juma lile lile, naye apite nyumba kwa nyumba akiuliza neno moja: mpaka Januari, mtoto huyu yu chini ya nani? Nyumba isiyokuwa na jibu aiandike, na mwezi wa Oktoba aanze kuirudia hiyo.